README Yako Inadanganya

Wasee wa programu huria, leo niseme bila kuzunguka.

Mnapenda kujigamba kwamba programu yenu ni ya kila mtu, eti msimbo uko GitHub, yeyote achukue. Sawa. Sasa mwambie kijana aliye Wote au Mwingi aiweke kwenye laptop yake kwa bandozi za simu. README inamtuma kwa toleo mliloacha kitambo. Anapakua, inagoma. Anajaribu tena, bandozi zinaisha. Wa Nairobi angalau ana fundi wa kumuuliza. Wa Wote mwalimu wake ni README, na hiyo README inamdanganya.

Si huku tu. Mwaka 2017 GitHub iliuliza watu wa programu huria shida zao. Asilimia 93 walitaja maelezo pungufu au yaliyopitwa na wakati. Lakini asilimia 60 ya wachangiaji walisema huandika maelezo mara chache sana au hawaandiki kabisa. Yaani tunalia, na hatufanyi kitu.

Shida ni mahali mnayaweka. Msimbo uko kwa repo, maelezo yako kwa Google Docs ya mtu aliyehama kazi, na mengine yamezama kwa grupu ya WhatsApp. Yatakosaje kuachana?

Wekeni maelezo ndani ya repo hiyo hiyo. Ukibadilisha msimbo, badilisha na maelezo kwa ombi lile lile. Mkaguzi akiona yamesahauliwa, arudishe kazi. Faida ni kwamba Git inatunza vyote pamoja: anayetumia toleo la mwaka juzi anapata maelezo ya mwaka juzi. Linux wana folda ya Documentation ndani ya msimbo wao, na ule si mradi mdogo.

Eti si wote wanajua Git? GitHub inakuruhusu kuhariri faili kwa brauza. Mwanafunzi wa Kitui aliyekwama leo ndiye anajua vizuri ni hatua gani imekosekana. Mwacheni aandike.

Ushahidi ilizaliwa Kenya 2008, na 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Kazi yako pia inaweza kufika kwa watu hawana namba yako. Watabaki na ulichoandika tu.

Wiki hii chukua laptop ambayo haijawahi kuona mradi wako, fuata README yako mstari kwa mstari. Ukikwama, usiniambie "tutaandika baadaye." Rekebisha hapo hapo.