Jiko la makaa halina kazi ndani ya hema

Msomaji, ukimtajia mkazi wa Langas habari za kulala kwenye hema, jibu utakalopata litategemea umri wake. Vijana wa shule na wa makanisa watakuuliza safari ni lini na nauli ni pesa ngapi. Wazazi wao aghalabu watanyamaza kwanza. Wengi wao waliwahi kulala kwenye hema bila kupenda, katika uwanja wa maonyesho wa Eldoret, baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mama mmoja niliyemshauri amruhusu mwanawe aende kambini na wenzake alinijibu, "Daktari, mimi hema nililimaliza."

Sikumbishia. Mwaka 2008 nilikuwa mwanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Moi, na kwa siku kadhaa nilisaidia kupima watoto katika uwanja ule. Nakumbuka matope baada ya mvua za Machi kuanza, blanketi zilizoloa, na kikohozi cha watoto ambacho ungekisikia kabla hujafika kwenye hema lenyewe. Usiku familia ziliingiza majiko ndani ili watoto wapate joto. Nani angewalaumu? Hawakuchagua kuwa pale, wala hawakujua wangeondoka lini.

Leo basi ninazungumza na wewe unayekwenda kulala kwenye hema kwa hiari, na kulipia. Wewe una nafasi ya kuchagua, na hata hivyo ninaona ukifanya mambo yale yale.

Kwanza niseme kwamba mimi si adui wa kambi. Ninawahimiza wagonjwa wangu waende, hasa wale wanaolalamika kwamba hawapati usingizi ilhali wanalala na simu mkononi hadi saa saba za usiku. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwapeleka watu wanane milimani kwa wiki moja, wakilala kwenye mahema bila taa yoyote ila moto na nuru ya mchana. Saa ya miili yao ilisogea ikawa mapema kwa muda wa saa mbili hivi, wakawa wanasinzia mapema na kuamka na jua. Sisi hatukuhitaji kwenda Colorado ili kujua hilo. Mtu yeyote aliyewahi kula ugali uliosongwa kwenye moto wa kuni, akasikiliza hadithi mbili tatu na kisha mvua ikigonga turubai huku yeye amekauka ndani, anajua usingizi wa namna hiyo haununuliwi dukani.

Lakini baridi ipo, na ni baridi kweli. Eldoret iko kwenye mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Kaptagat au Iten unazidi kupanda. Mwezi wa Julai hata sisi tuliozaliwa huku tunavaa sweta mbili. Hapo ndipo mtu anapokumbuka jiko.

Mimi mwenyewe, pamoja na shahada yangu, nililikumbuka. Miaka michache iliyopita nilipiga kambi karibu na Kaptagat pamoja na mke wangu na watoto wetu wawili. Makaa yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu, hayatoi moshi hata kidogo, nikaliingiza jiko ndani nikiwa na nia ya kulitoa kabla hatujalala. Nikafunga zipu yote ili joto lisipotee. Baada ya muda binti yetu mdogo akasema kichwa kinamuuma. Nikadhani ni mafua, nikampa panadol. Kaka yake akasema anataka kutapika, nami nikalaumu nyama. Sikupambanua kwamba watu wawili katika hema moja walikuwa wameugua kwa wakati mmoja. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeng'amua. Kilichotuokoa ni kwamba mke wangu alitaka kwenda msalani. Alifungua zipu, akasimama, miguu ikamkataa, akaanguka nusu ndani nusu nje. Hewa baridi ikaingia kwa mlango ule, nami nikapata akili. Tuliwatoa watoto nje wakiwa wamelegea kama nguo mbichi, na kabla ya mapambazuko tulikuwa hospitalini.

Gesi iliyotaka kutuua inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Hutokea pale makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha, na makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa kwa wingi. Yule anayekwambia kwamba jiko likishawaka vizuri halina madhara amekosea, nami nilikuwa miongoni mwao. Ndani ya damu kuna hemoglobini inayobeba oksijeni. Gesi hii huikamata hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi, kwa hiyo unaendelea kuvuta pumzi kama kawaida huku mwili ukikosa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge. Anayesinzia huenda asiamke. Mama mjamzito yuko hatarini zaidi, pamoja na mtoto aliye tumboni.

Ukiona dalili hizo kwa zaidi ya mtu mmoja, usitafute panadol. Watoe wote nje, na jiko ulishughulikie baadaye. Kisha wapelekwe hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu, kwa sababu kwa hewa ya kawaida gesi hii huchukua saa nne au tano kupungua kwa nusu tu, ilhali kwa oksijeni ya hospitali muda huo huwa kama saa moja na nusu au chini yake.

Na usidhani hili ni jambo la wenye pesa za kwenda Kaptagat. Nyumba ya chumba kimoja Langas, dirisha limezibwa kwa gunia na mlango kwa shuka, usiku wa Julai, haina tofauti kubwa na hema.

Sasa mtu atakabilianaje na baridi? Watu wengi hujifunika blanketi tatu juu wakasahau chini. Ardhi ndiyo inayokunyonya joto. Tandika nyasi kavu, maboksi yaliyokunjuliwa au godoro jembamba kabla ya kufikiria blanketi. Badilisha nguo zote ulizoshinda nazo, hata kama zaonekana kavu, kwa maana jasho limo. Vaa kofia na soksi kavu. Kula ukashibe, kisha ujaze maji moto katika chupa isiyovuja, uizungushie kitambaa na kuiweka miguuni. Pombe haikupashi joto: inafungua mishipa ya ngozi, ukahisi uvuguvugu huku joto la mwili likikutoka. Na uache sehemu ya juu ya hema wazi kidogo. Asubuhi utakuta matone machache zaidi kwenye turubai, kwani mengi ya maji yale si mvua bali ni pumzi zenu.

Makosa ya Bonde la Kerio ni kinyume cha haya. Huko, mita 1,000 hivi chini yetu, ni joto, na vijana waliofunga hema kupita kiasi Kaptagat huliacha wazi usiku kucha ili wapate upepo. Mbu wa malaria wanauma usiku. Mtu aliyekulia Eldoret, ambako malaria si ya kila siku, hana kinga ambayo mkazi wa bondeni ameijenga tangu utotoni, kwa hiyo homa ambayo mwenyeji ataistahimili huenda ikamlaza mgeni hospitalini. Kama hema lina wavu, fungua turubai lakini uuache wavu umefungwa. Kama halina, beba chandarua kilichotiwa dawa. Ukipita Kerio ukaendelea hadi Baringo, au ukienda Pokot Magharibi, usipige hema karibu na kichuguu, hata kama kivuli chake kinakuvutia. Katika nyufa za vichuguu hujificha mdudu mdogo kuliko mbu anayeeneza kala-azar, ugonjwa unaovimbisha wengu na kuua usipotibiwa.

Kuhusu maji nitasema machache, maana mkazi wa Langas hahitaji kuhubiriwa sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta vijidudu vya kinyesi katika visima vingi vifupi vya mtaa huu, na yeyote anayechemsha maji nyumbani anajua kwa nini. Kumbuka tu kwamba huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, basi yaache yatokote dakika tatu.

Ninalowalaumu walimu na viongozi wa vijana ni hili. Barua za kuomba ruhusa ya wazazi zinazoletwa kwangu nitie sahihi kwamba mtoto ana afya njema hutaja ada, shuka, tochi, gambuti, hata rangi ya fulana. Hakuna hata moja niliyoiona inayosema jiko litalala wapi, au nani atazunguka usiku kuhakikisha hakuna hema lenye moto ndani. Hofu yote ni ya nyoka na fisi. Mzazi, kabla hujatia sahihi yako, uliza maswali hayo mawili, na usipojibiwa, mtoto abaki.

Akienda bondeni na kurudi salama, andika tarehe aliyorudi mahali utakapoiona. Malaria huhitaji siku saba au zaidi kabla ya kujitokeza, mara nyingi wiki mbili, wakati safari imeshasahaulika na kila mtu anadhani ni homa ya mafua. Homa ikimpata katika mwezi huo, mpeleke apimwe damu siku hiyo hiyo, na mhudumu akiuliza mtoto anaishi wapi, usiishie kusema Langas. Mwambie pia alilala Kerio.