MAJI YA RUBONDO SI SHAMBA LA BIBI

Ndugu wanakijiji,

Pale mwaloni kuna maneno yanavuma, eti Kisiwa cha Rubondo ni cha Wazungu wa kuangalia ndege, sisi tumeachiwa harufu tu. Tunasema wazi: wenye kuyaeneza ndio hao hao wanaoingia humo usiku na kokoro.

Rubondo ni Hifadhi ya Taifa tangu 1977. Maji yake yamefungwa kwa sababu samaki wanazaliana humo. Wakikua wanatoka, wanakuja kwenye nyavu zetu. Kokoro halichagui: linakomba mama na watoto, linavuruga na mazalia. Hata sisi wa ngumbaru hesabu hiyo tunaijua. Mkulima akila mbegu, atapanda nini?

Wanauliza, mbona mgeni anavua? Mgeni anavua kwa kibali, kwa ndoano, samaki mmoja mmoja. Furukombe naye ni hivyo hivyo: anashika mmoja, anakwenda kula. Ndege ana adabu kuliko mwenye kokoro!

Lakini kosa letu tulikubali. Wengi tumezeeka tukikiona kisiwa kwa mbali tu. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni. Basi ushirika ukodi boti, twende na watoto tukaone nzohe, viboko na ndege kwa macho yetu.

Aendaye mchana ni mwenyeji. Aendaye usiku ni mwizi, na anatuibia sisi.

Kokoro ni adui wa kijiji. Tulifichue!

Katibu wa Tawi