Makaburi ya Ituri yaandikwe daftarini

Kule Boga, kusini mwa Irumu katika mkoa wa Ituri, Kongo, amelala Apolo Kivebulaya, Muganda aliyefika huko mwaka 1896 kuhubiri Injili. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena, na hatimaye akafa huko tarehe 30 Mei 1933 akiwa kasisi mwenye cheo cha kanoni. Waanglikana husimulia kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, kinyume cha desturi, kwa sababu magharibi ndiko kwenye msitu wa Wambuti, watu aliotaka Injili iwafikie hata baada ya yeye kuondoka. Jina lake husomwa kila mwaka siku ya kifo chake, hata katika kalenda ya Kanisa la Uingereza. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Mei 2021, wenye silaha walivamia Boga na Tchabi wakaua watu zaidi ya 50. Kanoni alikuwa ametimiza miaka 88 kaburini, na bado tunajua alikuwa nani, alikufa lini, na kwa nini amelazwa hivyo. Ikipita miaka 88 mingine, nani ataweza kusema lolote kuhusu waliouawa usiku ule? Ninasema kila parokia, kila msikiti na kila kijiji cha Ituri kifungue daftari la makaburi yake sasa hivi, wakati waliozika wangali hai.

Jiwe la kaburi si pambo. Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. James Kirkman alipochimba magofu yale kuanzia mwaka 1948, tarehe hiyo moja ilimsaidia kupanga umri wa mji mzima, majumba na misikiti, ambao haukuwa umeacha kitabu chochote. Uingereza nako viwanja vya makanisa vimejaa mawe ya karne nyingi, na jiwe la kale haliondolewi bila idhini ya mamlaka ya kanisa. Lakini mvua hula mawe. Kilichookoa majina mengi zaidi ni amri ya mwaka 1538 iliyomtaka kila kasisi wa parokia aandike ubatizo, ndoa na maziko. Kwa amri ile mkulima asiyekuwa na fedha ya kuchongesha jiwe akaingia katika kumbukumbu sawa na bwana wake. Hilo ndilo linalotufaa sisi, kwa maana wengi wetu tunazika nyuma ya nyumba, chini ya msalaba wa mbao ambao mchwa hawaupi miaka mingi, kisha vita vinatuhamisha na majani yanafunika kilima.

Kwamba jambo hili lina uzito hata kwa walio hai, Bogoro ni ushahidi. Kijiji hicho cha Ituri kilishambuliwa tarehe 24 Februari 2003. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa uamuzi wa fidia katika kesi ya Germain Katanga, aliyetiwa hatiani kwa shambulio hilo, mwezi Machi 2017, ilikuwa imepima maombi 341, ikayakubali 297. Kila aliyedai kufiwa ilimpasa aonyeshe amefiwa na nani, miaka 14 baada ya moto na kukimbia. Sisemi daftari la katekista lingetosha mbele ya majaji. Ila mtu aliyepoteza nyumba, hati na ndugu zake angekuwa na ukurasa mmoja wa kuanzia.

Nitajibiwa kwamba aliye kambini anahitaji unga na turubai kwanza. Ni kweli, na hakuna senti ya turubai itakayoguswa: daftari, kalamu na wazee wawili mashahidi vinatosha. Pingamizi zito ni lingine. Katika Ituri kaburi hugeuzwa hati ya shamba, na orodha ya wafu huweza kuwa orodha ya kisasi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tazameni hali ilivyo bila orodha: kila upande una hesabu yake ya waliokufa, hakuna anayeweza kuikagua, nayo hukua kila inaposimuliwa. Jina, tarehe na mahali vikiandikwa wazi, uvumi unapata mpaka. Kabila lisiandikwe, wala aliyeua, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mahakama. Wenye jina bila mwili waandikwe, na wenye mwili bila jina pia. Waislamu wanaopenda makaburi yasiyo na majengo hawatalazimishwa kitu, maana karatasi haihitaji jiwe. Nakala ya pili iletwe Bunia, kwa sababu vita vinapofika kijijini daftari huungua pamoja na kanisa. Makatekista na maimamu tayari wanajua nani amezikwa wapi. Wengi wao ni wazee, na maaskofu na viongozi wa Kiislamu wana uwezo wa kuwaagiza waanze kuandika mwezi huu.