Sauti Moja Masikioni mwa Dereva

Wapo wasemao kwamba mashindano ya magari ni mchezo wa matajiri, usiomhusu askari aliye zamu kandokando ya Ziwa Tanganyika. Sisi hatukubaliani nao. Kila gari la doria litokalo Rumonge kuelekea Nyanza-Lac hupita Kigwena likiwa na dereva aionaye barabara, na huko kituoni yupo mkubwa mwenye redio ya upepo ambaye haioni. Dereva huyo aambiwe nini, na nani, na wakati gani? Swali hilo ndilo linalowashughulisha waendeshaji wa magari ya mashindano na mainjinia wao, nao wamelipa gharama kubwa kulitafutia jibu.

Tuanze na jirani zetu. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikizipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi barabara hazikufungwa: mshindani aliweza kukutana na basi, mbuzi, au hata twiga katika njia ile ile. Kando ya dereva huketi mwelekezi, mwenye daftari mapajani. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant, kisha 1974 na 1976 akiwa na David Doig. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mara zote hizo mwelekezi wake alikuwa Mike Doughty. Hatudhani kwamba kudumu huko na mtu mmoja kulikuwa jambo la bahati.

Yafaa ieleweke jinsi daftari hilo linavyoandikwa siku hizi, kwani hapo ndipo penye siri yote. Kabla ya mashindano, wawili hao huipita njia mara mbili kwa mwendo wa kawaida. Dereva hutaja aonavyo yeye: ukali wa kona kwa namba, umbali kwa mita, jiwe, korongo, tope. Mwelekezi huandika. Siku ya mashindano humsomea kwa kipaza sauti kilichomo katika kofia. Basi amri anayoisikia dereva ni maneno yake mwenyewe yanayorudi kwake, wala hana haja ya kuyatafsiri. Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hukata takriban mita 28 kila sekunde. Neno likitangulia mno husahauliwa, na likichelewa sekunde moja gari limekwisha ingia mtaroni.

Katika miaka ya 1980 na 1990 timu kubwa ziliongeza helikopta, zikitangulia mbele ya gari na kuonya kwa redio juu ya wanyama na malori. Safari ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, na iliporudi mwaka 2021, huko Naivasha, ilikimbiwa katika njia zilizofungwa.

Katika mbio za Formula 1 mambo ni mengine, kwani dereva yu peke yake. Gari lake hujaa vyombo vya kupimia, navyo hupeleka habari za joto, mafuta na matairi kwa mainjinia bila kukoma. Lakini tangu mwaka 2003 kanuni zimekataza mainjinia kuigeuza mitambo ya gari kutoka mbali. Wakitaka jambo libadilike hawana budi kumwomba mtu kwa maneno. Na ingawa wataalamu ni wengi, aghalabu mmoja tu ndiye asemaye na dereva. Wengine humwambia yeye, naye huchuja. Kuchuja huko, kwa maoni yetu, ndiyo kazi iliyo ngumu kuliko zote.

Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara 7, aliizoea sauti ya Peter Bonnington katika timu ya Mercedes tangu 2013 hadi 2024. Mwaka 2025 alihamia Ferrari, akaelekezwa na Riccardo Adami, mtu ambaye hapo nyuma alikwisha waelekeza Sebastian Vettel na Carlos Sainz. Katika mashindano ya kwanza ya mwaka huo, mjini Melbourne, njia ikiwa na maji, watazamaji walimsikia Hamilton akimwomba injinia wake amwachie aendeshe. Wote wawili walikuwa mabingwa wa kazi zao. Walichokosa ni mazoea: mmoja hakujua bado ni maneno mangapi mwenzake huweza kuyabeba akiwa katika kona.

Na sisi je? Pale zamu zinapobadilishwa, dereva hukutana na sauti asiyoijua, na pengine wakubwa wawili huingilia redio moja kwa maagizo mawili, wakati yeye anazikwepa baiskeli zenye madumu ya mawese. Tungependa kuona, kabla ya msafara kuondoka Rumonge, dereva na mtu wa redio wakiipita njia pamoja mara moja mchana, dereva akitaja na mwenzake akiandika: daraja, kona, soko, ukingo wa msitu wa Kigwena, mahali watoto wanapovuka wakitoka shule. Kazi hiyo haitaki helikopta. Yatosha daftari, na ruhusa ya mkuu wa kituo kutoa gari kwa saa chache.