Usiache Mbachao: Mbio za Safari na Motokaa za Zamani

Msafara wa motokaa za zamani ukipita katika njia za vumbi za Kwale, watu huacha majembe yao na kutoka kutazama. Watoto hupiga makofi, na wazee hutaja majina: ile ni Datsun, hii ni Escort, na ile ya nyuma ni Peugeot kama ya marehemu fulani. Vumbi likisha kutulia, swali huwa lile lile: watu wenye fedha za kununua motokaa mpya wanatafuta nini katika vyuma vilivyokuwako kabla wao wenyewe hawajazaliwa? Wahenga walisema kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Hawa mbona wameacha kipya na kushika kikuukuu? Jawabu ni refu kidogo, nalo lamhusu mkulima wa Msambweni na karani wa Kwale kuliko wanavyodhani.

Tangu motokaa ilipobuniwa, watu wamezishindanisha barabarani ili wajue ipi ni chombo na ipi ni pambo. Mwaka 1895 Wafaransa walishindana kutoka Paris hata Bordeaux na kurudi. Émile Levassor, aliyetangulia kufika, aliendesha Panhard yake kwa muda wa saa 48 na dakika 48, kwa mwendo ambao mwendesha baiskeli hodari wa leo aweza kuufikia. Lakini watu waliona kwa macho yao kuwa mashine ile yaweza kwenda mchana na usiku bila kuchoka, na tangu siku hiyo biashara ya motokaa ikashika njia.

Katika Afrika ya Mashariki jambo kama hilo lilianza mwaka 1953. Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipokuwa akitawazwa, wapenda motokaa wa Kenya, na Eric Cecil akiwa mbele yao, walianzisha mashindano yaliyoitwa Coronation Safari. Yalianza tarehe 27 Mei na kumalizika tarehe 1 Juni, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Yasemekana kuwa wazo hilo lilizaliwa kwa sababu Neil Vincent, jamaa yake Cecil, hakupenda mbio za uwanjani. Aliona hakuna maana ya kuzunguka mahali pamoja kama ngamia wa kinu cha mafuta. Alitaka mbio za kutoka mlangoni kwake, kuvuka nchi, na kurudi nyumbani.

Mwaka huo Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari, na karibu wote walioshika usukani walikuwa Wazungu. Hata hivyo sharti la mashindano lilikuwa la manufaa kwa kila mwananchi. Motokaa zilipaswa kuwa kama zilivyouzwa dukani, nazo ziligawanywa katika makundi kwa kadiri ya bei yake. Barabara hazikufungwa, dereva alikutana na malori, ng'ombe na watu waendao sokoni. Aliyechelewa kufika kituoni alikatwa alama. Kwa hiyo aliyeshinda si yule aliyekimbia sana mahali pamoja, bali yule aliyefika kila mahali kwa wakati wake, na chombo chake kingali kizima.

Baadaye mashindano hayo yaliwekwa wakati wa Pasaka, mvua za masika zinapoanza, na mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Kila mtu wa Pwani ajua masika huifanya nini barabara ya udongo: palipokuwa njia jana, leo ni tope la magotini. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, na zilizomaliza ni 7 tu. Mwaka 1968 zilizomaliza zilikuwa 7 tena. La ajabu ni kwamba katika miaka hiyo miwili migumu, walioshinda walikuwa wale wale, Nick Nowicki na msaidizi wake Paddy Cliff, na motokaa ilikuwa ya aina ile ile, Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1966 na 1967, Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, alishinda mara mbili, naye pia kwa Peugeot 404.

Habari kama hizo hazikuishia katika magazeti. Mwenye duka, mwalimu mkuu na mkulima aliyetaka kununua gari la kubebea nazi au korosho kutoka Msambweni hata Likoni aliuliza swali moja: Je, hii ilimaliza Safari? Hakuhitaji maneno ya mwuzaji. Volkswagen, Peugeot na Datsun zilipata sifa katika matope ya Afrika ya Mashariki, na kwa sifa hiyo zikaingia vijijini. Kwa miaka mingi Peugeot ndiyo iliyobeba abiria, wagonjwa, maharusi na maiti katika sehemu hizi. Wako watu wazima leo Ukunda na Lunga Lunga ambao safari yao ya kwanza duniani, kutoka hospitali hata nyumbani, ilikuwa ndani ya Peugeot.

Tena mbio za Safari zilitoa somo jingine. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932 na kujifunza ufundi katika gereji ya baba yake. Alikwenda pamoja na ndugu yake Jaswant, na motokaa yao, Volvo PV544, haikuwa mpya. Kampuni ya Volvo ilikuwa imeleta motokaa zake katika mashindano ya mwaka 1964 zikashindwa, na mojawapo ikanunuliwa na ndugu hawa, wakaifungua, wakaitengeneza, na mwaka uliofuata wakawashinda wote. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19. Watu walimwita Simba. Alifariki London mwaka 2013, lakini somo lake halikufa: chombo kilichokataliwa na mwenyewe chaweza kushinda kikiwa mikononi mwa fundi anayekijua.

Sasa turudi kwa wale wanaotunza motokaa za zamani. Kazi yao si ya jana. Katika Uingereza, kila mwaka wenye motokaa zilizotengenezwa kabla ya mwaka 1905 huziendesha kutoka London hata Brighton kwa ukumbusho wa msafara wa mwaka 1896. Desturi hiyo ilianza mwaka 1927. Hawazipeleki kwa kuzipakia juu ya lori. Huziendesha zenyewe, na ikiharibika njiani, mwenyewe huvua koti na kuingia chini. Nairobi nako, tangu mwaka 1970, chama cha wenye motokaa za Alfa Romeo kimekuwa na mashindano ya usafi na utunzaji katika uwanja wa farasi wa Ngong. Waamuzi hutazama injini, viti na hata chini ya gari, na gari la miaka hamsini lililotunzwa laweza kulishinda gari jipya.

Kisha mwaka 2003, miaka 50 tangu ile Coronation Safari, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic, ya motokaa za mitindo ya zamani. Mwaka 2011 aliyeshinda alikuwa Björn Waldegård wa Sweden, mzee wa miaka 68, ambaye alikuwa ameshinda Safari yenyewe mwaka 1977. Safari hii msaidizi wake, aliyemsomea njia, alikuwa mwanawe Mathias. Baba na mwana, katika Porsche ya zamani, waliwapita vijana. Na ile Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann imehifadhiwa Japani na kampuni iliyoitengeneza.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa. Mjapani ameihifadhi Datsun ya Safari kwa sababu ajua kuwa jina la kampuni yake lilijengwa katika matope ya Afrika. Na wenye matope wamehifadhi nini? Siku hizi wanunuzi wa vyuma vikuukuu hupita kijiji hata kijiji na mizani yao. Motokaa iliyolisha nyumba miaka thelathini hukatwa vipande mbele ya mlango na kuuzwa kwa kilo, kama takataka.

Chukua mfano wa mzee wa Msambweni ambaye Peugeot yake imesimama uani, na mwanawe aliyerudi likizo kutoka kazini mjini.

"Baba," asema kijana kwa adabu, "gari hili lazaa panya tu. Yuko mtu atalichukua kesho, na fedha zitasaidia karo ya watoto."

"Mwanangu," ajibu mzee, "karo yako wewe nani aliileta?"

Kijana hana jawabu. Lakini mzee naye, akiulizwa ni lini aliifungua boneti kwa mara ya mwisho, hana jawabu vile vile. Wote wawili wana haki, na wote wawili wana makosa. Fedha za karo zahitajika leo, wala hapana aibu kuuza kitu kwa shida. Lakini mali isiyotunzwa itauzwa tu, ikiwa si na mwana, basi na mjukuu. Na aliyeitunza hata asipotaka kuikaa nayo, atapata mnunuzi mwenye kuipenda, wala hatapimiwa kwa kilo.

Utunzaji wenyewe hautaki fedha nyingi, wataka mkono usiosahau. Adui wa motokaa katika Pwani ni chumvi. Gari lililokwenda karibu na bahari lioshwe kwa maji baridi, hasa chini, na matundu madogo yaliyo chini ya milango yazibuliwe ili maji yatoke. Lisiegeshwe chini ya mnazi, kwa sababu isiyohitaji kuelezwa. Lisifunikwe kwa nailoni, maana hutoa jasho na kutu huzaliwa ndani yake. Banda la makuti lenye kupitisha upepo ni bora zaidi. Gari lisilokwenda liinuliwe kwa jeki na kuwekwa juu ya mawe au magogo imara, ili tairi na springi zipumzike, na betri iondolewe. Kila baada ya majuma machache plagi zifunguliwe, mafuta ya injini kidogo yatiwe ndani ya silinda, na injini izungushwe kwa mkono isije ikakwama. Sehemu ya asili ikiharibika isitupwe. Fundi wa kesho aweza kuitumia kama kielelezo. Na kitabu cha gari kihifadhiwe pamoja na hati za shamba, kwa kuwa gari lisilo na kitabu ni kama mtu asiye na ukoo.

Liko na jambo moja zaidi, ambalo halihitaji hata grisi. Majina ya madereva walioshinda yameandikwa vitabuni. Majina ya walioweka mabega nyuma ya magari yale na kuyatoa matopeni, ya mafundi waliofua springi upya usiku kwa taa ya kandili, ya makondakta na madereva waliozipeleka Peugeot hizo Likoni kila alfajiri, hayakuandikwa popote. Wengi wao wamekwisha kuzeeka, na kila mwaka baadhi yao huzikwa pamoja na habari zao. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu, akikaa na babu yake jioni mbili au tatu na kumwuliza gari lilinunuliwa wapi, kwa bei gani, na lilikwama wapi mwaka wa mvua kubwa, atakuwa amehifadhi kitu ambacho hakuna kampuni ya ng'ambo iwezayo kukihifadhi kwa niaba yake.

Hii ndiyo maana ya msafara ule upitao na kuacha vumbi. Wale hawafukuzi upesi. Wanaonyesha kuwa kitu kilichotengenezwa vema na kutunzwa vema hakina uzee. Si kila motokaa kuukuu yafaa kuwekwa, na si kila nyumba ina nafasi. Lakini kabla mizani ya mnunuzi wa vyuma haijatua uani, yafaa baba na mwana wakae pamoja na kuulizana kwanza ni nini kinachouzwa. Wahenga hawakukosea waliposema: usiache mbachao kwa msala upitao.