Mwanafunzi wa Kiswahili na Kazi ya Kuwafunza Vijana Mazingira

Muulize mwanafunzi yeyote wa Kiswahili katika vyuo vyetu atafanya kazi gani akihitimu, naye aghalabu atakutajia tatu: ualimu, utangazaji na tafsiri. Sijapata kumsikia hata mmoja akisema kwamba angependa kuongoza programu za elimu ya mazingira kwa vijana. Kazi hiyo tumewaachia wenzetu wa sayansi, ilhali sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha.

Si kazi ngeni nchini. Wildlife Clubs of Kenya ilianzishwa mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi wenyewe. Marehemu Wangari Maathai aliasisi Green Belt Movement mwaka 1977, na katika semina za vuguvugu hilo washiriki waliulizwa ni kwa nini msafiri hupanda basi lisilo lake. Je, hakuuliza? Alipotoshwa? Aliogopa? Kutoka hapo mjadala ukaingia kwenye ardhi, misitu na utawala. Mwanafunzi wa fasihi simulizi anaifahamu mbinu hiyo kuliko mtaalamu wa udongo.

Tutazame Gazi, katika Kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, unahifadhi takribani hekta 117 za mikoko, na sehemu ya mapato ya kaboni imetumiwa kwa shule na maji ya wanakijiji. Kiongozi wa vijana anayefika pwani akiwa na jina moja tu la Kiingereza la miti hiyo yote, atawafunza nini watoto ambao nyanya zao hutofautisha mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana na mkomafi? Mchu husimamisha mizizi ya kupumulia juu ya tope mithili ya penseli. Mkoko hujitegemeza kwa mizizi iliyopinda kama matao, na mbegu zake huanza kuota zingali mtini. Wakataji nao waliipanga miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Anayejua kwamba mazio likiachwa litakuja kuwa boriti, ameshashika nusu ya somo la uvunaji wa busara.

Niliwahi kuhudhuria kambi moja ya vijana ambapo mwezeshaji alisoma istilahi za Kiingereza kutoka karatasini kwa muda wa saa nzima, watoto wakiitikia kwa pamoja kwamba wameelewa. Jioni mvulana mmoja akaninong'oneza: "Mwalimu, hiyo bayodaivasiti ni mdudu?" Nilicheka, kisha nikaona haya. Wala tusijidanganye kwamba neno letu "bioanuwai" pekee lingemwokoa. Alihitaji mtu wa kumpeleka chini ya mti, amhesabie ndege, wadudu na kuvu waliomo, kisha ndipo ampe neno.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Nyingi za programu hizi hutegemea wafadhili, na mkataba wa mwaka mmoja si kitu cha kumwonyesha mzazi aliyeuza ng'ombe ili ulipiwe karo. Hilo ni kweli, nami sina dawa yake. Pingamizi la pili, kwamba hatujui sayansi, ni la haki pia, lakini lina tiba: mwanaisimu aliyemaliza ngeli na mofimu hashindwi kujifunza jinsi kitalu cha miche kinavyotunzwa, mradi akubali kuchafua mikono.

Idara zetu huwapeleka wanafunzi katika vyumba vya habari kwa mazoezi ya kazi. Kwa nini wawili watatu wasipelekwe kwenye vitalu na vilabu vya mazingira vya shule? Warudi na orodha ya majina ya miti waliyoyaokota kwa wazee, pamoja na somo moja walilolifundisha darasa la tano kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, nasi tulisome katika kongamano la chama, tulikosoe kama tunavyokosoa mashairi.