"Majibu yako ni chanya, mama": Heri au shari?

Mfikirie mama wa miaka 42 anayeuza nyanya kando ya barabara kuu pale Mikumi. Amepimwa saratani ya mlango wa kizazi, akapewa karatasi yenye neno moja: chanya. Anaifunga kwenye pindo la khanga na kurudi gengeni akitabasamu. Redioni husikia "mtazamo chanya" na "mabadiliko chanya", kwa hiyo kwake chanya ni jambo jema.

Kumbe kwa lugha ya hospitali, chanya maana yake kipimo kimeona kitu. Hasi, neno linalotisha, ndilo lingempa nafuu.

Kosa hilo dogo lina gharama kubwa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, lakini pia inazuilika. Kipimo chake ni chepesi: mhudumu hupaka siki maalumu (si ya jikoni, wala si ya kujipaka nyumbani) kwenye mlango wa kizazi, yaani sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi anapopita mtoto akizaliwa. Husubiri kama dakika moja. Pakiwa peupe, huenda kuna mabadiliko yanayoweza kugeuka saratani miaka ya mbele.

Mabadiliko hayo hutibiwa kwa kugandishwa au kwa joto, bila kulazwa. Lakini mama aliyeambiwa arudi wiki ijayo hawezi kurudi kama anaamini ni mzima. Akija kushtuka anatokwa damu baada ya tendo la ndoa au baada ya kukoma hedhi, huenda safari ikawa ya Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, karibu kilomita 300 kutoka Mikumi. Hapo kuna nauli, mionzi ya wiki kadhaa na watoto walioachwa kwa bibi.

Ndiyo maana kipeperushi cha saratani hakipaswi kuandikwa kwa ajili ya daktari. Badala ya "chanya", kiandike: "Tumeona mabadiliko. Yanatibika. Rudi tarehe hii." Kibebe ujumbe mmoja, kwa herufi kubwa. Mchoro wa kizazi uwe ndani ya mwili wa mwanamke, maana kizazi kikichorwa peke yake wengi hawatakitambua.

Kabla ya kuchapwa, kipelekwe gulioni Kilosa, wanakokutana Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na wafugaji wa Kimaasai. Wasomewe, kisha waulizwe wameelewa nini. Wakikosea, karatasi ndiyo irekebishwe.

Hata kwenye chumba cha nesi, swali "umeelewa?" halitoshi. Wengi huitikia "ndiyo" kwa heshima tu. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mama, ukifika nyumbani baba akikuuliza umeambiwa nini, utamjibuje?"

"Nitamwambia majibu mazuri mwanangu, ni chanya."

Hapo nesi anajua hajaeleweka, naye anaeleza upya kabla mama hajaondoka.

Kwa wazazi wenye mabinti, lugha hiyo nyepesi inahitajika pia kwenye chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Tangu Aprili 2024, wasichana wa miaka 9 hadi 14 hupewa dozi moja tu, bila malipo. Mweleze binti yako hivi: ni kinga, si tiba, na haifungi kizazi. Akiwa mtu mzima bado atahitaji kupimwa.

Wewe mama, kama una miaka 30 hadi 50, nenda ukapime. Wanaoishi na VVU huanza mapema zaidi. Usitoke kituoni kabla ya kuuliza mambo matatu:

Mmeona nini? Natakiwa kufanya nini? Nirudi lini?

Omba jibu liandikwe kwa maneno ya kawaida. Kama kusoma ni shida, nenda na binti au dada yako unayemwamini, au omba ruhusa ya kurekodi maelezo kwa simu ukayasikilize na mwenzako nyumbani. Usione aibu kusema, "Mwanangu, hapo sijaelewa."